Maji ya Kutazama

Kabla hamjafungua madaftari, niambieni: nani kati yenu amewahi kuosha kokoto? Siyo kuzimwagia maji na kwenda zako. Kuziosha, mpaka maji yanayobaki kwenye karai unaweza kunawia uso. Hakuna? Nilijua. Basi hamjui kujenga kichujio, hata kama mwalimu wenu amewachorea ubaoni kwa chaki za rangi.

Mwalimu wenu ndiye ameniomba niwaandikie haya. Aliniambia, "Mama Diba, hawa watoto wanajua kuunganisha paipu, lakini maji hawayajui." Nikamwambia mimi si mtu wa kuandika, mimi ni mtu wa kuongea. Akasema andika vile unaongea. Kwa hivyo mkiona nimeruka huku nikarudi kule, mtanivumilia. Nimefanya kazi ya maji miaka thelathini na moja kwenye ua mmoja hapa Isiolo mjini, na magoti yangu yalistaafu kabla yangu mimi mwenyewe.

Jina langu ni Kabale. Hiyo kazi sikuitafuta. Niliajiriwa kufagia kwa Mzee Warsame, mtu wa malori, Mungu amrehemu. Babu yake aliletwa hapa na jeshi la mkoloni, akazeekea hapa, na wajukuu wakaingia kwenye usafirishaji: sukari na unga kwenda Garbatulla na Sericho, ngozi na mbuzi kurudi. Nyuma ya nyumba yake kulikuwa na bwawa la kuogelea lenye vigae vya buluu. Mtaa mzima ulilijua, kwa sababu wakati watu wanapanga mitungi kwenye kioski cha maji, Mzee ana maji ya kujaza malori kadhaa na hakuna anayeyanywa.

Fundi wa bwawa alikuwa Mmeru mmoja, Mutwiri, aliyekuja kila Jumanne na begi la spana na mdomo usiofungwa. Siku moja akanitupia wavu wa kuokota majani. "Wewe uko hapa kila siku, mimi niko hapa Jumanne. Si ushike hii?" Nikashika. Ndivyo nilivyosomea ufundi, sina cheti kingine.

Mutwiri alinifundisha klorini. Somo la kwanza: poda ndiyo inaingia kwenye maji, siyo poda kumwagiwa maji. Nikaitikia ndiyo, ndiyo, nikageuka, nikachukua kopo nikalimiminia maji. Wallahi! Kopo lilichemka, likafoka, likanirukia. Macho yaliniwasha mpaka jioni, na leso yangu mpya, ya maua mekundu, ikawa na madoa meupe kila mahali. Mutwiri alikuja akanitazama. "Umekufa?" Nikasema sijafa. "Basi umejifunza," akasema, akarudi kwa spana zake. Leso hiyo ninayo mpaka leo. Mkija nyumbani nitawaonyesha ili nyinyi msilazimike kuharibu za mama zenu.

Lakini somo lake kubwa halikuwa la klorini. Aliniambia kila asubuhi, kabla sijagusa kitu, nichuchumae ukingoni nitazame tu. Nitazame rangi, nitazame povu, ninuse. "Ukianza na mkono utaharibu. Anza na macho." Hilo lishikeni, kwa sababu mtaona nililisahau siku gani.

Sasa niwaambie habari ya mwenye bwawa. Siyo Mzee. Mwenye bwawa ni mkewe, Hajia Sahara. Yuko hai, alhamdulillahi, na amenipa ruhusa ya kuandika haya yote, ila ameniambia nisitie chumvi.

Hajia alizaliwa Sericho, babake akiwa na duka dogo na ngamia. Kwao mtungi mmoja ulitoka asubuhi na huo huo ndio siku nzima: chai, udhu, mtoto, na mwana-mbuzi aliyeachwa na mamake. Ukimwaga kikombe, unatazamwa na nyumba nzima. Warsame alikuwa dereva kijana wa lori la sukari, akampenda pale dukani. Alipokuja kuposa akamuuliza binti mwenyewe anataka nini. Wenzake walikuwa wakitaja dhahabu, wakitaja ngamia. Yeye akasema, "Nataka maji ya kutazama. Siyo ya kunywa, siyo ya mifugo, siyo ya kufua. Niyatazame tu, na mtu asiniambie yanaisha."

Warsame alicheka. Lakini hakusahau. Miaka ikapita, lori moja likawa matatu, na siku Hajia aliporudi kutoka Makka akakuta shimo nyuma ya nyumba na mafundi wanapanga vigae. Watoto wao waliogelea humo mpaka wakakua wakaondoka. Yeye hakuwahi kuingiza hata kidole. Niliwahi kumuuliza. "Kabale," akasema, "mkono wangu ukiingia humo, yatakuwa maji ya kunawa. Ya kunawa ninayo jikoni." Kila siku baada ya swala ya alasiri aliketi kwenye kiti chake cha kamba na kutazama. Mimi nikiwa upande wa pili na wavu wangu. Tulikaa hivyo miaka, wakati mwingine bila neno.

Mambo mazuri hayakai, mnajua. Mutwiri alizeeka akarudi kwao Meru. Mzee Warsame akatangulia mbele ya haki. Mgao wa maji mjini ukawa mara moja kwa wiki, mashine ya kuchujia ikaungua, fundi wa kuitengeneza hapatikani. Maji yakawa kijani, halafu yakawa meusi. Vyura wakahamia. Na mwaka huo huo miguu ya Hajia ikavimba, ikakataa kumbeba. Kitanda chake kikasogezwa dirishani, dirisha lenyewe linatazama bwawa, na bwawa lenyewe ndilo hilo.

Halafu akaja afisa wa afya. Kijana mpole, siwezi kumlaumu. Alichota maji kwa upawa mrefu akatuonyesha: viluwiluwi vya mbu vinacheza humo kama wali unaochemka. Mtaani watoto wawili walikuwa wameugua malaria. Alimwambia Abdi, kifungua mimba wa Hajia, ambaye sasa ndiye mwenye malori, "Nawapa mwezi mmoja, kuanzia Jumatatu. Yasafishwe au shimo lifukiwe. Nikirudi nikipata hivi, nitaandika barua."

Abdi si mtu mbaya. Alikuwa anamwogopea mamake mbu. Alisema kuna lori lake linabeba maramu ya barabara, akilileta mara nne shimo limekwisha, na juu yake wapande nyasi. Aliingia kumwambia mamake. Nilikuwa mlangoni nikisikia. Hajia alisema "Sawa" tu, neno moja. Kisha akavuta pazia.

Pazia lile lilikaa limefungwa siku tatu. Nilimpelekea chai akaiacha ipoe. Mimi nimemjua yule mama maisha yangu yote ya kazi, na sikuwahi kumwona ameupa ukuta uso. Siku ya tatu nilitoka nje nikalia nyuma ya tangi, nikajifuta, nikaenda kumtafuta Abdi.

"Nipe huo mwezi," nikamwambia. "Ukiisha na maji hayajaonyesha chini, leta maramu yako, mimi mwenyewe nitasambaza na sepetu."

"Mama Diba, utafanya nini? Klorini haitatosha hii kitu, na mashine imekufa."

"Sijui. Lakini usilete maramu."

Akacheka kwa huruma, akatoa simu. "Angalia, hawa watu wa ng'ambo wanafanya hivi. Lakini hiyo ni kwao." Ilikuwa video. Mama mmoja ana bwawa kama letu. Amejenga kaukuta upande wa maji mafupi, amelaza paipu zenye matundu, amejaza mawe, amepanda matete. Pampu ndogo inasukuma maji machafu chini ya mawe, yanapanda polepole kupitia mizizi, yanamwagika juu ya ukuta yakiwa safi. Abdi alikuwa amezima sauti kwa sababu mamake amelala. Niliirudia mara saba.

Na nilichokiona pale siyo cha ng'ambo. Nilimwona akko, bibi yangu. Kule Merti, akko hakutuacha tuchote Ewaso Nyiro moja kwa moja, na ng'ombe wamesimama ndani wakifanya haja zao. Alihesabu hatua tano kutoka ukingoni, akapiga magoti, akachimba mchanga kwa mikono. Maji ya kwanza yakaja na tope, tukayamwaga. Ya pili tukayamwaga. Ya tatu unaona kucha zako ndani. "Mchanga umeuosha mto," akko alisema. Nikajua kitu hiki nakijua. Ni laga ndogo, ule mto wa mchanga, tunaileta ndani ya ua.

Haya, sasa andikeni. Tuliyatoa maji machafu yote, tukayapeleka kwenye miti ya mwarobaini. Tulisugua vigae. Abdi akatuletea bauza moja ya maji, lile lori la tangi, akaniambia waziwazi hakuna ya pili, na ukame ule nisingethubutu kumwomba ya pili. Ukuta nilijenga kwa mawe ya kuchonga na simiti, ukichukua kama robo ya bwawa. Msipunje hapo. Kichujio kidogo kwenye bwawa kubwa ni kupoteza jasho. Ukuta usimame chini kidogo ya ukingo wa bwawa, ili maji yamwagike kurudi ndani na siyo kwenye mguu wa jirani.

Paipu toboeni matundu upande wa chini, yakitazama sakafu, taka zisidondokee ndani. Mwisho wa kila paipu wekeni elbo, kile kiungo cha kona, na kipande kinachosimama mpaka juu, kimefungwa kifuniko. Siku paipu ikiziba, unafungua kifuniko, unaisukuma kwa maji ya nguvu. Asiyeweka hicho kipande atakuja kufukua mawe yote, na atanikumbuka. Juu ya paipu mawe makubwa kama ngumi, juu yake kokoto za ujenzi, na juu kabisa kokoto ndogo. Mchanga hapana. Hata mimi moyo ulinivuta kwenye mchanga kwa ajili ya akko, lakini laga ina mchanga wa kutembea siku nzima, wewe una hatua nne. Utaziba. Pampu tuliiweka upande wa kina kirefu, ikiendeshwa na sola iliyokuwa ya taa za ua. Na maji ya bauza yana klorini, yaacheni juani siku tatu kabla ya kupanda kitu.

Matete na ndago nilizing'oa mwenyewe kando ya mto Isiolo, nikiwa ndani ya tope mpaka magotini na umri wangu huu. Kazi ilikwenda vizuri, siku nane. Pazia la Hajia likafunguka nusu. Lilibaki lile tabaka la juu.

Sasa sikilizeni ujinga wangu. Kwenye video, yule mama alikuwa akimwaga juu ya mawe vitu vidogo, vyeusi, vya mviringo, kutoka kwenye gunia. Abdi simu yake imepasuka kioo. Mimi ni binti wa wafugaji. Vitu vidogo, vyeusi, vya mviringo, vinatoka kwenye gunia, vinawekwa kwenye miche. Ningeona nini? Niliona mbolea ya mbuzi! Hata sikujiuliza. Nilifurahi, nikasema kumbe hata hao wazungu wana akili. Nikaenda kwenye boma la jirani, nikajaza magunia sita, nikaleta kwa mkokoteni wa punda, nikamwaga yote na kusawazisha kwa mkono. Nilivyomaliza nilisimama nikajisifu.

Siku ya kwanza maji yakawa rangi ya chai. Siku ya tatu yakawa kijani. Siku ya tano yakawa mazito, yana utando juu, yananuka boma asubuhi ya mvua. Sikuelewa. Na hapo ndipo niliposahau Mutwiri: nilianza na mkono. Nilichota, nikakoroga, nikaongeza matete. Kitu kimoja tu sikufanya, kuchuchumaa nitazame na ninuse kama mtu mwenye akili.

Hajia aliniuliza kutoka dirishani. "Kabale, mbona yamebadilika?"

Nami, Mungu anisamehe, nikasema, "Ni jua, Hajia. Jua limekuwa kali."

"Jua," akasema.

"Ndiyo. Litapoa."

Abdi akaja jioni hiyo. Alisimama ukingoni akavuta pumzi, akanitazama, akavuta tena. Nikainamia pampu kama ninayeirekebisha. Akaingia kwa mamake, akakaa huko kitambo, akatoka uso umebadilika. Aliniambia tu, "Endelea," akaenda zake. Nilifikiri ana mafua. Kesho yake alimpeleka mamake hospitali, nikajua ni ile miguu.

Siku hiyo hiyo walipokuwa hospitali ndiyo niligundua. Abdi alikuwa ameniachia ile simu yake mbovu ili nipige akihitajika fundi wa sola. Nikafungua video, na safari hii nyumbani hakuna mgonjwa aliyelala, nikaweka sauti. Yule mama akainua gunia, akamwaga. Kwara-kwara-kwara!

Nikaketi chini. Mbolea hailii hivyo. Yalikuwa mawe. Kokoto nyeusi, ndogo, za mviringo. Na hapa Isiolo mawe meusi yametuzunguka, yale ya volkano, tunajikwaa kila siku, hata hatuyaoni!

Hapo sasa nikaelewa na kazi yenyewe. Mmea kwenye kichujio haupewi chakula, unaachwa na njaa. Uchafu wa maji ndio chakula chake. Samaki akinya, jani likioza, mizizi inakula, maji yanabaki matupu. Mimi nilikuwa nimeishibisha mimea yangu hapo hapo ilipo, halafu iliyobaki ya shibe ikatiririka bwawani, ukoga ukaila ukanenepa. Ni sawa na kumjazia mbuzi majani zizini halafu unamlaumu haendi malishoni. Andikeni: kokoto tupu, udongo hapana, mbolea hapana, na mizizi ioshwe mpaka iwe meupe. Nimesema "iwe meupe", mwalimu wenu atasahihisha, mimi nimechoka.

Nililia? Sikuwa na wakati. Zilibaki siku kumi na sita. Bauza ya pili nisingeiomba bila kusema ukweli, na ukweli nilishindwa kuusema. Niliona aibu, wanangu. Mtu wa miaka thelathini kazini, amechafua kwa mkono wake kitu pekee alichoombwa kukilinda. Nikasema moyoni, nitayarudisha kwanza yawe safi, halafu nitasema. Mwongo huwa na mpango kila wakati.

Siku mbili nilitoa mbolea kwa karai, nikafua mizizi ya kila tete kama nguo ya mtoto. Nilifungua vile vifuniko nikasukuma paipu mpaka maji meusi yakaisha. Siku mbili nyingine niliokota kokoto ndogo za yale mawe meusi nikaziosha. Mara ya kwanza maji yalitoka meusi, mara ya pili kijivu, mara ya tatu nikafikiri basi, nikakumbuka akko, nikaziosha mara ya nne. Mikono ilipasuka, nikawa napaka samli.

Halafu nikawasha pampu, na kazi iliyobaki ikawa ngumu kuliko zote: kungoja. Kopo la zamani la klorini lilikuwa stoo, mkono wangu ulilifuata mara mbili, kwa mazoea. Ningeliweka, maji yangeng'aa siku moja na kila kilicho hai kwenye yale mawe kingekufa, na hao wadogo tusiowaona ndio wafanyakazi wenyewe. Mara ya pili nilichukua kopo nikampa jirani aende nalo.

Upande wa kina kirefu kuna ngazi ya chuma yenye vidato vitano. Niliifanya kipimo changu. Kila asubuhi nikachuchumaa, mikono mapajani, kama Mutwiri alivyotaka. Siku ya kwanza kidato kimoja. Siku ya tatu kimoja. Siku ya tano viwili, nikapiga kelele mpaka Hajia akauliza kama nimeumwa na nge. Siku ya saba bado viwili, nikakosa usingizi. Siku ya nane vitatu. Nikaenda mtoni nikaleta samaki wadogo, wa kidole kimoja, kwenye ndoo, kwa ajili ya viluwiluwi. Msiweke kambare, anachimbua kila kitu. Siku ya kumi vidato vinne. Siku ya kumi na mbili, afisa anakuja saa nne asubuhi, na mimi niko ukingoni tangu alfajiri, na bado vinne. Cha tano nakiona, sikioni. Nilikuwa nasema bismillahi na kuhesabu, bismillahi na kuhesabu. Jua lilipopanda juu ya ukuta likapiga chini, nikaona cha tano, na chini yake kigae cha buluu kilichovunjika pembe, ambacho sikukiona tangu Mzee akiwa hai.

Afisa alichota kwa upawa wake mara ishirini, kila pembe. Alitazama juani. Hakuna kiluwiluwi. Akaingia na nyuma ya matete, akachota huko, hakuna. "Mmeweka dawa gani?" akauliza. Abdi akanitazama mimi. Nikasema, "Mawe." Akaandika kitu kwenye karatasi, akatikisa kichwa, akaaga. Abdi alinishika huu mkono uliopasuka kwa mikono yake miwili, akapiga simu lori la maramu liende kwingine.

Alasiri hiyo tulimtoa Hajia na kiti chake cha kamba, mimi na Abdi, tukamweka karibu kabisa na ule ukuta maji yanapomwagika. Abdi akaenda msikitini. Tukabaki sisi wawili kama zamani, ila sasa mimi niko upande wake. Maji yalikuwa yakitiririka juu ya ukuta, sauti ndogo. Nikaona siwezi kuketi pale na ule uongo.

"Hajia, nina neno."

"Sema."

"Yale maji kugeuka, halikuwa jua. Nilimwaga mbolea. Magunia sita, kwa mikono yangu. Nikakudanganya."

"Ya mbuzi," akasema.

"Ndiyo, ya mbuzi."

"Na hao mbuzi walikuwa wanakula mgunga. Ilikuwa inanuka mgunga."

Nikamgeukia. "Ulijua?"

"Kabale! Mimi nimezaliwa Sericho. Nimelala nyumba moja na mbuzi mpaka siku ya harusi yangu. Ni miguu iliyokufa, siyo pua. Gunia la pili halijaisha nilikuwa nimejua."

"Sasa mbona ulinyamaza?"

"Ningesema, ungebeba leso yako urudi Merti kwa aibu. Nakujua wewe. Na mimi ningebaki na Abdi na maramu yake."

"Na Abdi? Alinusa, nilimwona ananusa."

Hapo akaanza kucheka, mabega yanatikisika. "Nilimwambia ni mimi nimekutuma. Nikamwambia ni dawa ya kwetu Sericho, bibi zetu walikuwa wanasafisha maji kwa mavi ya mbuzi. Maskini mtoto wangu. Kesho yake akanipeleka hospitali nikapimwe akili."

"Ile siku ya hospitali?"

"Ile. Daktari ananiuliza leo ni siku gani, rais ni nani, hesabu kutoka kumi kurudi nyuma. Nikamjibu yote, Abdi bado haamini. Mpaka leo akiniuliza kitu ananiuliza mara mbili."

Mimi sikucheka. Nililia pale, kwa sauti, mwanamke mzima. Yule mama alikubali mwanawe amwone amerukwa na akili, ili mimi nisitajwe. Nikamwambia nitamweleza Abdi leo hii. Akasema nithubutu nione. Akasema, "Miaka yote hii hukuwahi kunicheka kwamba nakaa kutazama maji tu. Watu wote walicheka, hata Warsame alicheka kwanza. Wewe uliniwekea yawe safi, basi. Mimi nishindwe kukuwekea siri moja?" Sasa mwenyewe ameruhusu, kwa hivyo Abdi akisoma haya, na asome. Mamako ni mzima, Abdi. Acha kumuuliza mara mbili.

Nilipojifuta uso akaniambia, "Haya, niingize miguu."

"Wapi?"

"Hapo. Ndani."

Nilifikiri sikusikia vizuri. Nikamkumbusha maneno yake mwenyewe, kwamba mkono ukiingia yatakuwa ya kunawa. Akasema, "Nimeshayatazama. Kunja hilo dera, usinichoshe."

Nikamvua kandambili. Nikamsogeza mpaka kwenye ukingo, nikaishusha miguu yake mmoja mmoja, ile miguu iliyovimba, na maji yakaipokea mpaka kwenye vifundo. Wale samaki wadogo walikimbia, halafu wakarudi, wakaanza kumdonoa vidole. Hajia akashtuka, akashika bega langu. Halafu akaliachia.

Mimi nimekaa kando ya yale maji na yule mama karibu kila siku ya maisha yangu ya kazi, na siku zote alikuwa akiyatazama. Siku hiyo, miguu ikiwa ndani, alifumba macho.